Herufi Kumi na Mbili

Picha niliikuta baa moja ya Uyole, ukutani,
imeliwa na mende upande wa kipa.
Nyota ya Uporoto, themanini na nne:
wanaume kumi na mmoja, soksi hazifanani,
na ukungu umekaa nyuma yao kama mchezaji wa akiba.

Nikaipiga kwa simu. Siku tatu sikulala,
kibandani kwangu Mwanjelwa, mlango nimekomea,
Loleza inashusha baridi yake juu ya mabati,
nami nakata nyuso kwa kipanya, moja moja,
nabandika kwenye miili ya Wabrazili
ambao gemu iliwaacha bila kazi.

Kipa nilimbunia kidevu.
Beki wa kulia nikampa pua ya mjomba wangu.
Ila winga wa kushoto alikuwa kamili:
jicho, kovu la kwenye nyusi, meno yaliyopishana.
Hata nikimgeuza, ananitazama.

Wakongwe wa Ulaya, ndani ya gemu hiyohiyo,
wana mikataba, wana mawakili wenye tai.
Aliyekataa kusaini hayumo,
au yumo kwa jina la uongo na nywele za mtu mwingine.
Wa Uporoto wana msumari mmoja ukutani.
Nani angenishtaki? Mende?

Jumamosi foleni ilifika kwa muuza chipsi.
Mia tano mechi. Kila mtoto anamtaka kumi na moja,
kasi tisini na nne, krosi themanini na tisa.
SANGA huyo! SANGA kaachia!
Nikanunua pedi mbili mpya kwa mguu wake.

Jumatatu akaja mama mmoja, viatu vya mvua,
ndoo ya viazi kichwani. Hakuketi.
"Mume wangu, nasikia anacheza hapa."

Nikawasha. Watoto wakashusha sauti wenyewe.
Akamwona akitoka handakini, akirukaruka.
"Hilo goti," akasema, "nimelikanda kwa maji ya chumvi
miaka kumi na tisa. Nani kamponya?"

Sikuwa na la kusema.

"Na Sanga ndiye nani? Sanga ni Mkinga wa Makete.
Huyu ni Asangalwisye Mwakibete, wa Kandete.
Walipochukua kombe alipewa blanketi.
Bado ninalo. Wewe anakuingizia ngapi kwa siku?"

Nikataja. Nilipunguza,
akajua nimepunguza.
Nikavuta droo; hakuitazama.
"Hujaniuliza nauza. Sasa unaniuliza bei?
Jina liandike lote.
Sura nirudishie."

Kisanduku cha jina kinapokea herufi kumi na mbili.
Nikabonyeza moja moja, yeye akihesabu kwa vidole
juu ya ukingo wa ndoo: A, S, A, N…
Asangalwisye akajaa hadi ukutani, hata nukta haipiti.
Mwakibete akabaki nje.
"Baba yake hakuupenda mpira," akasema. "Atatuelewa."

Kisha nikafuta. Kovu kwanza.
Meno. Jicho nililiacha la mwisho,
sijui kwa nini, nikalifuta nalo.
Juu ya jezi kikabaki kichwa laini
kama kiazi kilichomenywa.

Akaniuzia viazi kwa bei ya sokoni, hakupunguza hata mia,
akashika njia ya stendi.

Jana kaja mtoto mgeni, Lugano, kamasi puani,
mia tano ameikunja kama hirizi.
"Bosi, mbona huyu hana sura?"
"Anayo. Iko kwake."
Akanitazama, akatazama skrini,
akaichagua Uporoto hivyohivyo.

Krosi ya kwanza ilitoka nje.